Kiangazi cha Nani? Maandalizi ya Safari za Kupanda Rwenzori na Nafasi ya Wakonzo katika Historia Yake

Ikisiri

Historia ya upandaji wa safu ya Rwenzori imeandikwa zaidi kwa tarehe za kufika kileleni na kwa majina ya waliofika. Makala hii inachunguza hatua inayotangulia kilele, yaani maandalizi: uchaguzi wa majira, ukusanyaji wa wapagazi na chakula, utafutaji wa malazi, na ruhusa ya kupita. Hoja yake kuu ni kwamba maandalizi hayo yalitegemea elimu ya Wakonzo, ingawa kumbukumbu zilizochapishwa huwataja kama nguvukazi tu. Makala inahitimisha kwa kupendekeza ushuhuda wa wapagazi na jamaa zao ukusanywe mapema katika eneo la Kisinga, Bwera na Kasese.

1.0 Utangulizi

Kisinga ni mji mdogo katika Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, chini ya vilima vya kusini vya safu ya Rwenzori. Nyuma ya mji mashamba ya kahawa, migomba na mihogo yanapanda miteremko hatua kwa hatua. Juu ya mashamba kuna msitu, na juu ya msitu kuna mawingu. Vilele vyenye barafu viko mbali zaidi kaskazini, na siku nyingi havionekani kabisa. Mtu anayeishi Kisinga anaujua mlima kwa maji yake, kwa baridi ishukayo usiku na kwa mafuriko ya mito yake, kabla ya kuujua kwa picha za vilele.

Mgeni wa ng'ambo huujua kwa njia nyingine. Yeye huanza na likizo yake. Katika nchi za kaskazini, likizo ndefu huangukia miezi ya Juni, Julai na Agosti, na safari ya kupanda miamba hupangwa kuizunguka likizo hiyo. Akichagua mlima wa jangwani, swali lake la kwanza ni wapi atapata maji na saa ngapi atalikimbia jua. Akichagua Rwenzori, swali linageuka: ni lini mvua itamruhusu kupita, na nani atambebea mzigo katika matope? Rwenzori iko karibu na mstari wa Ikweta, na kilele chake kikuu, Margherita, kina urefu wa mita 5,109. Maji yake hutiririka kuingia katika maziwa ya George na Edward na Mto Semliki, na hatimaye Mto Nile. Ni mlima wa maji, na maandalizi ya kuupanda ni maandalizi ya kukabiliana na maji.

Katika makala hii, mpango wa safari unasomwa kama hati ya kihistoria. Orodha ya mizigo, tarehe ya kuondoka na idadi ya siku za chakula hutuambia mwandaaji alijua nini, alikuwa hajui nini, na alimtegemea nani. Kwa kuzisoma hati hizo hivi, tunawaona watu ambao simulizi za ushindi wa kilele zimewaacha pembeni.

2.0 Majira: kiangazi cha nani?

Neno "kiangazi" lenyewe linatudai uangalifu. Katika pwani ya Afrika Mashariki kiangazi ni wakati wa joto na ukavu, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, wakati upepo wa kaskazi unapovuma. Miezi ya Juni hadi Agosti, ambayo tafsiri za siku hizi huiita kiangazi cha Ulaya, kwa mtu wa pwani ni kipupwe, wakati wa baridi. Katika Rwenzori hakuna kati ya migawanyo hiyo inayotosha. Mwaka una vipindi viwili vyenye mvua nyingi, takriban Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na vipindi viwili vyenye mvua pungufu, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti. Tunasema "pungufu" kwa makusudi, kwa kuwa juu mlimani mvua haikatiki kabisa mwezi wowote.

Kumbukumbu za safari za mwanzo zinaonyesha jinsi ratiba ilivyoamua matokeo. Mwezi Novemba 1905 Douglas Freshfield na Arnold Mumm, wapanda milima wazoefu wa Kiingereza, waliingia katika bonde la Mubuku pamoja na kiongozi wa milima ya Alps, Moritz Inderbinen. Ujuzi wa kupanda haukuwa tatizo lao. Walikuja wakati wa mvua, na mvua ikawarudisha. Miezi miwili tu baadaye, Januari 1906, Rudolf Grauer kutoka Austria, akiwa na wamisionari Maddox na Tegart, alifika kwenye ukingo wa Mlima Baker. Bonde lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni mwezi.

Msafara uliokamilisha kazi ulikuwa wa Mwitalia Luigi Amedeo wa Savoia, Mtawala wa Abruzzi. Aliondoka Napoli Aprili 1906, akashuka Mombasa mwanzoni mwa Mei, akapanda reli ya Uganda hadi Kisumu, akavuka Ziwa Victoria kwa meli hadi Entebbe, kisha akatembea hadi Fort Portal, alikofika mwishoni mwa Mei. Kwa hesabu hiyo aliingia mlimani Juni, mwanzo wa kipindi chenye mvua pungufu. Tarehe 18 Juni 1906 alisimama juu ya vilele vya Alexandra na Margherita. Waliofuata walishika miezi hiyo hiyo miwili ya mlango: Eric Shipton na H. W. Tilman walipanda Januari 1932, na msafara wa Kibelgiji wa Xavier de Grunne ukafanya kazi upande wa Kongo Julai na Agosti mwaka huo huo.

Hata hivyo majira peke yake hayakutosha. Luteni W. G. Stairs, wa msafara wa Stanley, alijaribu kupanda mapema Juni 1889, mwezi ambao ungemfaa. Alikwama katika kimo cha mita 3,200 hivi. Mabonde yenye kingo kali yalimtenga na vilele, naye na watu wake hawakuwa na nguo wala chakula cha kuwawezesha kuendelea. Wengi wa watu wa msafara wa Stanley walikuwa wameandikwa Zanzibar. Walivuka msitu wa Kongo na kunusurika, lakini hakuna aliyekuwa amewaandaa kwa baridi ya mlima. Mpango wa Stairs ulikuwa na mwezi mwema bila mambo mengine, na ndiyo maana inatubidi kutazama mambo hayo mengine.

3.0 Wapagazi, posho na lugha ya maandalizi

Safari ya mlima katika Afrika Mashariki ya wakati huo ilipangwa kwa muundo wa misafara ya biashara iliyotoka pwani. Istilahi zake zilikuwa za Kiswahili: safari, mpagazi, mnyapara, askari, posho. Maneno haya yaliingia katika vitabu na barua za wageni waliokuwa hawajui Kiswahili kingine chochote. Kwa hiyo Kiswahili kilifika chini ya Rwenzori kikiwa lugha ya mpangilio wa kazi kabla ya kuwa lugha ya soko la Bwera, ya wachimbaji wa Kilembe au ya kambi za jeshi.

Neno "posho" linafaa kutazamwa kwa karibu. Katika msafara, posho ilikuwa mgawo wa chakula au fedha ya chakula aliyopewa mpagazi kwa siku. Katika Uganda ya leo posho ni chakula chenyewe, yaani ugali wa mahindi unaopikwa shuleni, kambini na nyumbani. Hesabu ya mwandaaji wa safari imegeuka kuwa jina la chakula cha watu wote. Mwanafunzi wa Kisinga anayepewa posho na maharage mchana anatamka bila kujua neno la karne ya misafara.

Hesabu ya posho ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote mlimani. Katika nchi tambarare msafara ungeweza kununua chakula kijijini kila baada ya siku chache. Juu ya mstari wa mashamba hakuna kijiji. Kila mpagazi anayebeba hema au kamera ya msafara anahitaji mwingine wa kubeba chakula, na huyo naye anakula. Suluhisho lilikuwa kuweka kambi kuu mahali pa juu panapofikika, kuwarudisha watu wengi chini, na kuendesha mnyororo wa wabebaji wanaopanda na kushuka na vyakula kutoka mashamba ya bondeni. Mnyororo huo uliwezekana kwa sababu kulikuwa na wakulima wa Kikonzo wenye mazao ya ziada na miguu iliyozoea mteremko.

Wapagazi waliotoka nyanda za chini hawakuweza kustahimili baridi na utelezi wa bonde la juu. Wakonzo ndio waliochukua mizigo kutoka hapo. Katika simulizi za wageni badiliko hili huelezwa kwa sentensi moja au mbili, kama jambo la kubadilisha wanyama wa mizigo. Kwa mwanahistoria ni jambo kubwa zaidi. Mkonzo aliyekubali kubeba alikuwa anauza vitu vitatu kwa wakati mmoja: nguvu zake, ujuzi wake wa njia, na uamuzi wake kuhusu siku ya kwenda na siku ya kungoja. Malipo yalihesabiwa kwa kitu cha kwanza tu. Viwili vilivyobaki vilichukuliwa bure, na kwa kuwa havikulipwa, havikuandikwa.

4.0 Malazi na njia: elimu ya wawindaji

Msafara wa 1906 uliweka kambi yake kuu Bujongolo, chini ya mwamba ulioinama katika bonde la juu la Mubuku, kwenye kimo cha takriban mita 3,800. Kabla ya hapo ulilala chini ya miamba mingine ya namna hiyo, kama Kichuchu. Ramani huonyesha majina haya kama vituo vya safari ya Mtawala. Lakini mapango haya ya mwamba yalikuwa na majina ya Kikonzo kwa sababu yalikuwa yakitumika. Wawindaji wa Kikonzo walipanda kuwinda pimbi na wanyama wengine wa milimani, wakalala chini ya miamba mikavu na kuwasha moto humo. Umbali kati ya pango na pango ulikuwa tayari umepimwa kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo. Mgeni alipopanga "siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu", alikuwa anafuata ratiba iliyowekwa na wawindaji.

Elimu hiyo ilikuwa na mpaka wake, na mpaka huo pia ni sehemu ya elimu. Wawindaji walikuwa na sababu ya kufika kwenye pimbi. Hawakuwa na sababu ya kufika kwenye barafu. Tena eneo la theluji lilihusishwa na Kitasamba, mwenye mlima katika imani za Wakonzo, na jina Rwenzururu lenyewe Wakonzo hulifungamanisha na theluji. Mtu hapandi huko kwa kujipima nguvu. Wageni wengi waliona kusita huku kuwa ni woga. Tukizingatia kwamba wapagazi hawa walipelekwa katika baridi kali wakiwa na blanketi, bila viatu vya barafu wala kamba, kusita kwao kulikuwa hukumu sahihi ya mtu anayejua vifaa alivyonavyo.

Juu ya Bujongolo, kazi ya kamba na shoka la barafu ilifanywa na viongozi wa Courmayeur, akina Petigax, Ollier na Brocherel. Ustadi wao hauna ubishi, na majina yao yamehifadhiwa kitabuni. Tunachosema ni kwamba safari ilikuwa na ustadi wa aina mbili, na ni aina moja tu iliyopewa majina. Vilele vilipewa majina ya malkia na wavumbuzi wa Ulaya: Margherita, Alexandra, Stanley, Speke, Baker. Mito na malazi, yaani sehemu za mlima ambazo mwandaaji huzihitaji kila siku, zimebaki na majina ya wenyeji: Mubuku, Bujuku, Bujongolo, Nyabitaba. Anayesoma ramani kwa makini ataona humo mgawanyo mzima wa kazi.

5.0 Mpaka, vibanda na siasa

Miaka minne baada ya safari ya Mtawala, mkataba wa Brussels wa 1910 uliweka mpaka kati ya himaya ya Uingereza na ya Ubelgiji, na mpaka huo ukapitishwa katika kilele cha Margherita. Wakonzo wa Uganda na ndugu zao Wanande wa Kongo wakajikuta katika nchi mbili. Tangu hapo, mpangaji wa safari alihitaji kitu ambacho mwindaji hakuwahi kukihitaji: ruhusa. Bwera, iliyo karibu na kivuko cha Mpondwe, ikawa mlango wa forodha katika nchi ya jamaa wamoja.

Katika nusu ya pili ya utawala wa kikoloni maandalizi yalirahisishwa. Chama cha Wapanda Milima cha Uganda kilijenga vibanda katika mabonde ya Mubuku na Bujuku, na mpandaji akaweza kupunguza mahema. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na safari iliyomchukua Mtawala wiki mbili kwa miguu sasa ilikuwa ya treni. Kitabu cha mwongozo cha Osmaston na Pasteur, kilichotoka 1972, kiliweka njia, siku na vituo katika maandishi.

Ni katika kipindi hicho hicho ambapo Mkonzo mmoja alionyesha kwamba mlima unaweza kusomwa kwa namna nyingine. Isaya Mukirane, mwalimu, alimwongoza mwandishi Mwingereza Tom Stacey katika nchi ya Wakonzo mwaka 1954. Alianzisha pia chama cha utafiti wa maisha na historia ya Wakonzo. Kwa Mukirane, kutembea mlimani kulikuwa kukusanya habari za watu wake. Kutokana na kazi hiyo na malalamiko dhidi ya utawala wa Toro, likakua vuguvugu la Rwenzururu, lililotangaza ufalme wake mwaka 1963. Njia za wawindaji zikawa njia za wapiganaji hadi makubaliano ya 1982, na ufalme huo ukatambuliwa na serikali mwaka 2009. Hatuwezi kuandika historia ya upandaji katika miaka hiyo kana kwamba mlima ulikuwa uwanja mtupu wa michezo.

Maandalizi yalipata pigo jingine baada ya waasi wa ADF kushambulia Mpondwe Novemba 1996. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyoanzishwa 1991 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia 1994, ilifungwa 1997 na kufunguliwa tena 2001. Wageni walioahirisha safari walikwenda kwingine. Wapagazi waliotegemea kipindi cha Juni hadi Agosti hawakuwa na mlima mwingine. Chama cha huduma za upandaji cha Rwenzori, kilichoanzishwa 1987 ili wenyeji waendeshe safari wenyewe, kilikaa miaka hiyo bila wateja mlimani.

6.0 Barafu inayopungua

Mpiga picha wa msafara wa 1906, Vittorio Sella, aliacha picha ambazo leo zinatumika kupima kilichopotea. Barafu ya Rwenzori ilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 7 hivi mwaka 1906. Kufikia 2003 ilikuwa chini ya kilomita moja ya mraba. Milima ya Emin, Gessi na Luigi di Savoia imekwisha kupoteza barafu yake. Mpangaji wa leo anayefuata maelezo ya zamani anakuta mwamba mtupu mahali palipoandikwa theluji, na barafu iliyobaki imekuwa na kingo kali na nyufa.

Bondeni mabadiliko yana sura nyingine. Tarehe 1 Mei 2013 Mto Nyamwamba ulifurika na kuharibu makazi na huduma Kilembe na Kasese, na Mei 2020 mafuriko makubwa yalirudi. Mei ni mwezi ambao mpanda milima huuepuka kwa kubadilisha tiketi. Mkazi wa bondeni hana tiketi ya kubadilisha. Kwa hiyo elimu ya majira, iliyochukuliwa bure na wageni wa 1906, leo ni suala la uhai kwa wenye elimu hiyo.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba kila kipengele cha maandalizi ya kupanda Rwenzori kilipitia mikononi mwa Wakonzo: mwezi wa kuingia, pango la kulala, chakula cha kambi na siku ya kungoja. Kushindwa kwa Stairs na Freshfield, na kufaulu kwa safari ya 1906, kunaeleweka vizuri zaidi tukianza na vipengele hivyo kuliko tukianza na ushujaa wa kileleni.

Kutokana na hoja hii tunatoa mapendekezo mawili. Kwanza, wanafunzi na watafiti wa eneo la Kisinga, Bwera na Kasese wakusanye masimulizi ya wapagazi wastaafu, wajane wao na watoto wao, kwa Lhukonzo kwanza na kisha kwa Kiswahili, ili majina ya watu, mapango na majira yahifadhiwe pamoja na maana zake. Vibanda vilijengwa zaidi ya nusu karne iliyopita, na waliobeba mbao zake wamezeeka au wametutoka. Pili, maelezo yanayotolewa kwa wageni wanaopanga safari ya Juni yataje wazi kwamba ratiba wanayoifuata ina waasisi wake.

Mgeni ataendelea kuita miezi hiyo kiangazi chake, na hakuna ubaya. Lakini anapolala usiku wa kwanza mlimani, akisikia mvua juu ya paa, ajue kwamba mtu wa Bukonzo alikwisha kupima mwendo wa siku hiyo kabla ya kalenda yake kufika.